Spoku 36 za Gurudumu la Nyuma

Spoku ya tatu ilikatika karibu na Pongwe, asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Ilitoa mlio mmoja mkavu, kama kijiko kilichoanguka kwenye sakafu ya saruji, na papo hapo gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, likigusa breki kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Nikashuka. Niliinua baiskeli kwa nyuma, nikazungusha gurudumu kwa kidole, nikaiona spoku inaning'inia. Ilikuwa imekatika pale inapojipinda kuingia kwenye kitovu. Zile mbili za mwanzo nazo zilikatikia hapohapo. Niliizungushia kwenye spoku ya jirani isije ikaingia kwenye mnyororo, nikaanza kurudi Tanga mjini kwa miguu, naisukuma.

Mwaka huo, 2018, nilikuwa na umri wa miaka 41 na uzito wa kilo 121. Umri niliutaja kwa yeyote aliyeuliza. Uzito tulikuwa tunaujua wawili tu, mimi na daktari aliyeniambia kwamba presha imepanda na mwili unahitaji kushughulishwa kila siku. Nilijaribu kukimbia kando ya bahari pale Raskazone kwa wiki tatu, magoti yakakataa. Ikabaki baiskeli, na kwa mtu wa Tanga hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ardhi yetu ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepewa namba badala ya majina, na kila asubuhi barabara hujaa baiskeli za wauza samaki, za wanafunzi, za akina mama wanaokwenda sokoni. Nilikuwa nimeendesha tangu utotoni, nikaacha nilipopata kazi na gari. Nilidhani kurudi ni suala la kununua tu.

Nikanunua baiskeli ya mbio, ya mtumba, iliyoshushwa kwenye kontena kutoka Ulaya. Fremu ya alumini, uma wa mbele wa kaboni, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, tairi nyembamba za milimita 23. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja unasikia raha, maana ilikuwa na kilo 9 tu. Muuzaji aliniuliza urefu wangu, akaniuliza nitaendeshea wapi, akarekebisha siti. Alipoanza kuniangalia mwili nikamwahi: "Mimi kilo tisini hivi." Akasema hakuna shida. Ningemwambia ukweli huenda angeniuzia ileile, sijui, lakini nilimnyima hata nafasi ya kunishauri. Na kitu kimoja hatukukitazama sote wawili: gurudumu la mbele lilikuwa na spoku 20, la nyuma 24.

Fundi niliyempelekea siku ile ana banda lake Ngamiani, chini ya mwarobaini. Alianza kazi akiwa mtoto wa kushika pampu, na sasa ni mzee ambaye weusi wa grisi hautoki tena kwenye vidole vyake. Mafundi wawili niliowaendea kabla yake walibadilisha spoku iliyokatika, wakakaza, wakapokea pesa yao. Huyu hakushika spana. Aliketi kwenye kigoda, akalilaza gurudumu mapajani, akawa anabana spoku mbilimbili kwa vidole, akilizunguka lote taratibu kama mtu anayevuta tasbihi. Kisha akainua macho.

"Mwalimu, una kilo ngapi?"

"Tisini, Mzee."

Hakunibishia. Aliinuka, akanishika mkono, tukavuka barabara hadi duka la nafaka lenye mizani ya magunia. Mwenye duka alikuwa anampimia mama mmoja mchele, wakatupisha. "Panda," akaniambia. Nikapanda. Mshale ukapita mia, ukasogea, ukatulia. Mzee akasoma kwa sauti ileile anayosomea namba ya tairi, bila kushangaa na bila kucheka: "Mia moja na ishirini na moja." Tuliporudi bandani akachukua chaki, akaandika 121 kwenye ubao wa ukuta, chini yake akaandika 9, akajumlisha, akapata 130. Akaligonga gurudumu kwa kile kipande cha chaki.

"Hii ndiyo kazi aliyopewa huyu. Ukiniambia tisini, nitakusukia gurudumu la mtu wa tisini, na litakukatikia njiani usiku. Mficha uchi hazai, Mwalimu."

Niliona haya, lakini haya hiyo haikufanana na ile niliyoizoea. Ile ya zamani ilikuwa ya kutazamwa. Hii ilikuwa ya kumdanganya fundi kuhusu kipimo, jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelikubali kwa mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili. Namba ilipokaa ubaoni ikawa namba tu, kama urefu wa ubao anaotaka kuukata seremala. Sijawahi kuificha tena.

Pembeni ya banda kulikuwa na baiskeli ya Phoenix ya muuza mkaa, imeegemezwa ukutani na magunia mawili juu yake. Mzee akaniambia nihesabu spoku. Mbele 32. Nyuma 40.

Nilihesabu mara mbili, nikamkumbuka baba. Alikuwa na Raleigh nyeusi, ya breki za vyuma virefu. Alfajiri za Jumapili alinipandisha kwenye bomba, mama akakaa upande kwenye keria, mdogo wangu akiwa mgongoni kwa mama, na kwenye usukani kikaning'inia kikapu cha chakula. Tulikwenda hivyo hadi shambani, njia ya Mabokweni, na jioni tukarudi vilevile tukiwa tumeongeza nazi. Nikizijumlisha leo kilo zetu za siku zile, zinapita zangu mimi peke yangu kwa mbali. Sikumbuki baba kukatikiwa spoku hata moja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Baiskeli ile ilitengenezwa na watu waliojua kwamba itabeba, na hesabu ya 32 mbele na 40 nyuma Waingereza waliizoea tangu zamani, Wahindi na Wachina wakaifuata katika baiskeli walizozituma kwetu. Mwenzake wa mbio, yule wa spoku 24, alitengenezwa na watu waliokuwa wanapunguza gramu. Chama cha dunia cha mchezo wa baiskeli kimeweka kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na viwanda hushindana kuikaribia namba hiyo. Septemba 2025 nilipotazama mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, nilitazama miili ya wale vijana wakipanda vilima: wengi wana kilo sitini na kitu. Na nyuma yao kuna magari yaliyobeba magurudumu ya akiba. Madukani tunauziwa sura ya baiskeli zao, bila mwili wao na bila gari lao.

Nafundisha fizikia, na kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimechora ubaoni kani za kuvuta na za kusukuma bila kuziona kwenye gurudumu. Wengi tunadhani mtu amesimama juu ya spoku za chini kama nyumba inavyosimama juu ya nguzo. Spoku ni waya, ukiusukuma unajikunja. Kazi yake ni kuvuta, na gurudumu zuri ni lile ambalo spoku zake zote zimekazwa sana tangu mwanzo, zote zinavutana na rimu hata kabla hujapanda. Ukikaa, zile zinazofika chini hulegea kidogo, kisha zikipanda juu hukaza tena. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alilieleza hilo kwa hesabu katika kitabu chake juu ya gurudumu la baiskeli cha mwaka 1981, na Mzee wangu analijua kwa vidole.

Basi spoku haikatiki kwa sababu umeilemea siku moja. Inachoka. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya barabarani lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo kila kilomita linazunguka mara 476. Safari ya kilomita 40 ni mizunguko 19,000, na kila mzunguko kila spoku inalegea na kukaza mara moja. Gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia 60 ya uzito wote. Kwangu hiyo ilikuwa kilo 78, zikigawanywa kwenye spoku chache zilizo karibu na ardhi kwa wakati ule. Zikiwa 24, kila moja inalegea sana. Zikiwa 36, inalegea kidogo. Na kama zilikuwa hazijakazwa vya kutosha, ikifika chini inalegea kabisa, inacheza ndani ya tundu lake, na palepale kwenye kona ya kitovu chuma kinaanza ufa usioonekana kwa macho. Ndiyo maana zangu tatu zilikatikia mahali pamoja. Na ndiyo maana kubadilisha moja hakukusaidia: jirani zake zilikuwa zimechoka pamoja nayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri ninaousikia kila siku, wa kumwambia mtu mzito atafute kwanza fremu ya chuma. Fremu ina mambo yake nitayataja. Lakini ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningeiweka yote kwenye gurudumu la nyuma, na nusu ya hiyo kwenye mikono ya anayelisuka.

Mzee aliniambia ukweli ambao haukumletea faida. Angeweza kunisukia gurudumu jipya kwa baiskeli ileile. Lakini alipima nafasi kati ya tairi na fremu kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Fremu ile haikuwa na nafasi ya tairi pana zaidi ya milimita 25. "Hata nikikupa spoku hamsini, tairi hii itakuumiza." Akanishauri niiuze kwa kijana mwepesi nitafute baiskeli ya safari, ile ambayo Wazungu hufungia mabegi pande zote wakaenda nayo nchi kwa nchi. Inafanana na ya mbio kwa sura, usukani uleule, lakini imekusudiwa mzigo.

Aliniuliza pia kwa nini nisichukue Phoenix. Nikaazima moja kwa wiki nzima. Kwa mtu mzito anayekwenda kazini kilomita tatu, nne, ninasema mpaka leo kwamba hakuna bora kuliko hiyo, na asiionee haya. Vipuri viko kila mtaa na kila fundi anaijua. Mimi nilitaka kwenda Muheza na kurudi kabla jua halijawa kali, zaidi ya kilomita 70, na kwa baiskeli ya kilo 20 yenye gia moja, na mwili uliokaa wima kupokea upepo wote kifuani, nilifika nimekwisha. Mvua ikinyesha, breki zake kwenye rimu za chuma hazishiki.

Ilinichukua miezi minne kuipata niliyoitaka, kwa sababu nilikataa nyingi. Ni ya mtumba pia, fremu ya chuma cha kromoli, kilo 14. Katika kutafuta huko nilijifunza kusoma vijitabu vya viwanda, na humo kuna namba ambayo muuzaji haitaji usipomuuliza: uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Kwa baiskeli za barabarani nilizozisoma mimi ulikuwa kati ya kilo 110 na 136. Watu wengi wakiiona huilinganisha na miili yao na kuridhika. Mara nyingi namba hiyo ni ya jumla: wewe, baiskeli yenyewe, begi, chupa za maji. Mtu wa kilo 121 mwenye baiskeli ya kilo 10 na begi la kilo 5 ameshafika 136. Kuhusu chuma, alumini na kaboni sina mengi. Zipo fremu za alumini zenye nguvu kuliko za chuma, na kaboni ina nguvu kwa kazi iliyokusudiwa. Nilipendelea chuma kwa sababu huonyesha ufa kabla hakijaachia, na kwa sababu kinachomeleka. Sina la kuongeza.

Gurudumu lake la nyuma lilikuwa na spoku 36, ila Mzee hakuridhika nazo; zilikuwa na kutu kwenye nipeli, zile nati ndogo zinazozikaza. Tukaagiza Dar rimu mpya ya kuta mbili na spoku mpya. Hapo nilijifunza jambo lililonishangaza: alizitaka zile zenye unene wa milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati, wala si zile nene moja kwa moja. Nilidhani amekosea. Akanivutia moja mkononi. Iliyo nyembamba katikati hunyumbuka pale katikati, ambako hakuna kona, na hivyo kona ya kitovuni hupumzishwa. Inaishi zaidi ya ile nene.

Alilisuka kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Nilikaa naye. Kila spoku ikipita juu ya mbili na chini ya moja, kila upande kwa zamu, kisha nipeli nusu mzunguko, nusu mzunguko, akilizungusha gurudumu na kuangalia mwanga kati ya rimu na kipande cha mti alichokiweka kama kipimo. Upande wa kulia, wenye gia, spoku hukaa wima zaidi na hukazwa zaidi. Wa kushoto hulala na hukazwa kidogo, na hapo mafundi wenye haraka huacha ulegevu. Lilipokuwa limenyooka nikadhani amemaliza. Akaanza kuzishika spoku mbilimbili zilizo sambamba na kuziminya kwa nguvu zake zote, zikilia na kutoa sauti za kupasuka, na gurudumu likapinda tena kidogo. Akalinyoosha. Akaminya tena. Alifanya hivyo mara nne, hadi zikakaa kimya. Kazi hiyo ya kuminya inazilaza spoku kwenye vikao vyake. Isipofanywa, zitajilaza zenyewe barabarani chini ya kilo 135 na zitalegea. Nimeuliza mafundi wengi tangu siku ile kama wanaminya. Wachache sana.

Kitovu chenyewe kilikuwa cha kaseti. Wale wanaonunua baiskeli za bei nafuu zenye gia sita au saba wengi wana friwili ya kufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za kitovu, na kwa mtu mzito hiyo ni kasoro kubwa. Golori za upande wa kulia hukaa mbali na mwisho wa ekseli, ekseli inabaki inaning'inia sehemu ndefu bila kushikiliwa, na uzito unaipinda. Mzee ana kopo zima la ekseli zilizopinda na nyingine zilizokatika katikati. Kwenye kaseti golori husogezwa hadi karibu na fremu. Ukitaka kujua una ipi bila kufungua, muulize fundi akuonyeshe zote mbili pamoja. Ukiona mara moja hutasahau.

Tairi nilizoziweka ni pana za milimita 37, na hapa niliharibu pesa. Nilikwenda dukani nikasema nataka tairi ya 28, nikapewa ya Phoenix. Zote huitwa 28. Lakini rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 na ya baiskeli za barabarani za siku hizi 622. Ile ikawekwa kwenye hii inapwaya. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo, kwangu 37-622, na hiyo ndiyo ya kuitaja dukani.

Upana huo ndio uliobadilisha safari zangu kuliko kitu kingine. Kwenye tairi za milimita 23 nililazimika kujaza upepo hadi paundi 120, na bado nikipita kwenye ukingo wa lami iliyomeguka tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu, ikatoboka matundu mawili yaliyopangana. Nikipunguza upepo, inatoboka. Nikiongeza, kila kokoto linanipanda mgongoni, na kila kishindo kinachonifikia mimi kimeshapita kwenye spoku. Sasa najaza paundi 75 nyuma na 60 mbele. Nilitegemea kwenda polepole zaidi. Muda wangu wa kwenda Muheza ulipungua, kwa sababu barabara haikuwa tena inanirusha.

Baada ya miezi kadhaa nikapata ujasiri wa kwenda Lushoto. Nilipanda na basi, baiskeli ikiwa juu, nia yangu ikiwa kuteremka kwa magurudumu hadi Mombo. Ni njia ya kama kilomita 33 inayoshuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mto upande mmoja. Breki zangu zilikuwa za kubana rimu. Kabla ya nusu ya njia nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikasimama, nikaigusa rimu, nikauondoa mkono haraka. Niliketi juu ya jiwe nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga nyumbani. Kilo 135 zikishuka mita 1,000 zinatoa nishati ya kuchemsha kama lita nne za maji. Sehemu inachukuliwa na hewa, lakini nyingine yote ilikuwa inaingia kwenye rimu mbili nyembamba zilizoshikilia tyubu zenye upepo wa paundi 60 na 75. Tyubu ikipashwa joto hivyo inaweza kupasuka, na ikipasukia kwenye kona ya Lushoto hakuna pa kuangukia. Niliteremka kilichobaki kwa kusimama mara tano, nikiacha rimu ipoe, nikishika breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kuachia badala ya kuburuza.

Kwa mtu mzito anayeishi Lushoto, au Mbeya, au Limuru, nasema achukue baiskeli ya breki za diski na asikubali nyingine. Joto hukaa kwenye diski, mbali na tyubu. Mimi naishi Tanga, palipo tambarare. Sikuzibadilisha.

Siti na gia nilizirekebisha mwishoni, ingawa maumivu yake ndiyo yaliyotangulia. Siti nene ya sponji tuliyoiona inafaa mwili mkubwa iliniumiza, maana mwili unazama na mifupa miwili ya kukalia inatafuta pa kushika isipate. Siti ngumu kidogo, yenye upana unaoifikia mifupa hiyo, ikanimalizia tatizo. Na magoti yalinyamaza siku niliyofunga gia ndogo kabisa, meno 30 mbele na 34 nyuma, nikaacha kusukuma pedali kwa nguvu na kuanza kuzizungusha upesi.

Kuna jambo nimebaki nalo moyoni. Tangu nianze, watu wema kabisa wameniambia: punguza mwili kwanza, ndipo ununue baiskeli nzuri. Nimelisikia msikitini, nimelisikia kwenye chumba cha walimu. Linatoka kwenye upendo na ni ushauri mbaya. Aliye na kilo 121 leo anahitaji baiskeli ya kilo 121 leo. Akipewa ya kilo 70 itamkatikia, atasukuma kutoka Pongwe kwa miguu, watu wakimtazama, naye ataamua kwamba mwili wake haukuumbiwa kitu hiki. Mimi nilikaribia kuamua hivyo. Siku ile ya Pongwe, kwa saa mbili na zaidi za kusukuma, nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia daktari. Sasa nina kilo 108, presha imeshuka, na gurudumu lile la Mzee halijakatika spoku hata moja kwa miaka saba, ingawa kila mwezi nazipitia kwa vidole, mbilimbili, na yenye sauti ya chini kuliko wenzake naipa robo mzunguko.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, mama wa makamo, aliniomba nimsindikize kwa Mzee. Anataka baiskeli ya kwenda shule na kurudi, na Jumamosi kumtembelea mama yake Mabokweni. Njiani hakusema lolote kuhusu mwili wake, na mimi sikumuuliza. Mzee alikuwa ameketi pale pale chini ya mwarobaini, akamkaribisha kiti, akaulizia hali ya nyumbani, akaulizia njia atakazopita na mzigo atakaobeba. Kisha:

"Na kilo zako, dada?"

"Mia moja na nne, Mzee. Nimepima jana."

Mzee akainuka kuchukua chaki.